Bluetooth ya Laptopu: Ipe Kazi Inayoiweza

Kama ulikuwa na simu miaka ya 2000, Bluetooth kwako ni nyimbo za kurushiana. Mmoja alirusha darasani, mwingine akarusha harusini, na simu mbili zikawekwa zimegusana juu ya meza kana kwamba kugusana kungeharakisha jambo. Mazoea hayo yametuachia fikra yenye hasara, kwamba Bluetooth ni chombo cha kutumiana mafaili. Ndiyo maana wenye laptopu wengi huiwasha mara moja moja, huona faili linavyojikokota, huizima na kurudi kwenye flashi.

Ukweli ni kwamba kurusha mafaili ndiyo kazi Bluetooth inayoiweza kidogo kuliko zote. Nguvu yake iko kwenye vitu vidogo vinavyopita muda wote: sauti inayokwenda masikioni, herufi unazobonyeza, mwendo wa kipanya, barua pepe fupi, risiti ya mteja. Vyote hivyo hupita kwa umeme mdogo sana, na vingi haviligusi bando lako. Hapa nitazungumzia zaidi Windows, kwa kuwa ndiyo iliyojaa maofisini na madukani kwetu. Wenye Mac na Linux nitawagusia inapobidi.

Kwanza, je, ipo?

Laptopu nyingi tunazonunua Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi zimeshatumika kwingine. Muuzaji atakuonyesha diski, RAM na betri. Bluetooth haimo kwenye maelezo yake, kwa hiyo iulizie wewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Itafunguka orodha ya vifaa vilivyomo ndani ya mashine. Ukiona mstari wenye alama ya Bluetooth, ipo na mfumo unaitambua. Usiishie hapo. Toa simu yako, uioanishe na laptopu hiyo papo hapo, muuzaji akiangalia.

Mstari usipoonekana, usikate tamaa haraka. Kwenye laptopu nyingi Wi-Fi na Bluetooth hukaa katika kadi moja ndogo, lakini huwasiliana na ubao mkuu kwa njia mbili tofauti, na Bluetooth kwa kawaida hupitia njia ya USB ya ndani. Kwa hiyo inawezekana kabisa Wi-Fi ikafanya kazi vizuri na Bluetooth isionekane. Mara nyingi aliyeweka Windows upya hakuweka draiva yake. Ipakue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, kwa namba ya modeli, na ukae mbali na tovuti zinazojidai kuwa na draiva za kila mashine duniani. Huenda pia ilizimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Ingia humo uangalie, maana kubadilisha ni suala la kubofya sehemu moja.

Kuna na hali ya tatu: kadi imeganda tu. Shikilia Shift huku ukibofya sehemu ya kuzima kompyuta. Bila Shift, Windows huwa haizimiki kabisa. Hujihifadhia baadhi ya mambo ili iwake haraka kesho yake. Ikishazima, chomoa chaja, kandamiza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, halafu iwashe. Nimeona Bluetooth nyingi zilizodaiwa kufa zikifufuka kwa njia hii, na fundi aliyeijua akaondoka na pesa ya chai.

Ikiwa kweli haimo, nunua adapta ndogo ya kuchomeka kwenye USB, na usitishwe na namba zilizoandikwa kwenye pakiti. Bluetooth 5, iliyotoka mwaka 2016, hunadiwa kwa kasi mara mbili na umbali mara nne. Sifa hizo ni za tawi lake la umeme mdogo, lile linalotumiwa na saa na vipimo vya mwilini, na hata huko hazipatikani zote mbili kwa wakati mmoja. Muziki na mafaili, kwenye vifaa vingi tulivyonavyo, bado hupita njia ya zamani. Vilevile hedifoni zilizoandikwa 5.3 zitaelewana na laptopu yenye 4.0, hivyo usishawishike kubadilisha mashine kwa sababu hiyo.

Kuoanisha bila kugombana

Fungua Mipangilio kwa kubonyeza kitufe cha Windows na I, ingia sehemu ya Bluetooth, uchague kuongeza kifaa. Hadi hapo kila mtu anaweza. Wanapokwama wengi ni upande wa pili: kifaa chenyewe hakiko tayari kuoanishwa. Kuwashwa ni jambo moja, na kuwa tayari kuoanishwa ni jambo lingine. Spika au hedifoni lazima zimetemete taa kwa kasi, na kwa kawaida hufanya hivyo ukikandamiza kitufe chake kwa sekunde kadhaa, siyo kukigusa tu na kuachia. Zile hedifoni za vipande viwili, nyingi zina kitufe kwenye kikasha chake.

Kikwazo kingine ni simu yako mwenyewe. Hedifoni ulizokwisha kuzioanisha na simu zikiwashwa tu hukimbilia simu, na laptopu haizioni. Zima Bluetooth ya simu kwanza, maliza kuoanisha na laptopu, kisha uiwashe tena. Baadhi ya hedifoni huweza kushika simu na laptopu kwa pamoja. Ukiwa unanunua mpya, ulizia sifa hiyo kabla ya kuulizia rangi.

Ukiulizwa namba ya siri na spika ya zamani, jaribu 0000 au 1234. Ukioanisha simu, namba yenye tarakimu sita itatokea kwenye skrini zote mbili. Zilinganishe kabla ya kukubali, maana ndiyo kinga yako dhidi ya mtu mwingine kujipenyeza katikati. Kibodi hufanya tofauti kidogo: namba hutokea kwenye laptopu, nawe unaiandika kwenye kibodi mpya na kubonyeza Enter. Wengi husubiri bila kujua kwamba wanasubiriwa wao.

Kifaa kilichowahi kuoanishwa kikigoma ghafla, kifute kwenye laptopu, ufute na jina la laptopu upande wa kifaa kama ni simu, kisha uanze upya. Kufuta upande mmoja tu mara nyingi hakusaidii, kwa sababu kila upande huhifadhi ufunguo wake, na ufunguo mmoja ukipotea ule uliobaki hauna kazi. Kwa wenye Linux, sehemu ya mipangilio ikisumbua fungua dirisha la amri, andika bluetoothctl, na ufanyie mambo yote humo. Ni njia isiyopendeza macho, lakini hukuonyesha wazi kinachoendelea.

Sauti, na balaa la maiki

Hapa ndipo Bluetooth inapostahili kuwashwa kila siku. Spika za laptopu ni hafifu, na nyumba nyingi sasa zina sabufa yenye Bluetooth. Oanisha, bofya alama ya spika kona ya chini kulia, chagua sauti itokee wapi, basi. Mwalimu anayeonyesha video darasani anaweza kuacha sabufa nyuma ya chumba na laptopu mbele, bila waya wa kuwakwaza wanafunzi.

Lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni hili: mtu amenunua hedifoni za maana, muziki unasikika safi, lakini mkutano wa Zoom ukianza sauti inakuwa nyembamba na ya kukwaruza, kana kwamba anapokea simu ya mezani. Anakwenda kununua nyingine. Nazo zinafanya vilevile.

Hedifoni hazina ubovu. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za kupitisha sauti. Ya kwanza, A2DP, hupeleka muziki wa stereo upande mmoja tu, kutoka laptopu kwenda masikioni. Ya pili, HFP, ilibuniwa kwa ajili ya maongezi ya simu: hupeleka sauti na kuirudisha, lakini kwa ubora mdogo. Programu yoyote ikifungua maiki ya hedifoni, laptopu huiacha njia ya kwanza na kuhamia ya pili. Haiwezi kuzishika zote kwa pamoja. Mkutano ukiisha na maiki ikafungwa, muziki hurudi ulivyokuwa.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye mipangilio ya sauti ya Zoom, Meet au Teams, chagua kusikiliza kwa hedifoni na kuzungumza kwa maiki ya laptopu yenyewe. Utawasikia wenzako vizuri, nao watakusikia vizuri zaidi kuliko kupitia maiki ndogo ya Bluetooth. Tatizo ni kwamba maiki ya laptopu hunasa pia feni, mvua juu ya bati na jogoo wa jirani. Ikiwa unakoishi ni hivyo, nunua maiki ya waya ya kubana kwenye nguo. Kwa mikutano ya kila siku, fedha hiyo inafanya kazi kubwa kuliko kupanda daraja la hedifoni.

Ukichoka kuchagua kila mara, bonyeza Windows na R, andika mmsys.cpl, na dirisha la zamani la sauti litafunguka. Katika ukurasa wake wa pili, ule wa kurekodi, bofya kulia kwenye maiki ya hedifoni na uizime. Kuanzia hapo hakuna programu itakayoweza kuifungua, na sauti itabaki kwenye njia ya stereo. Teknolojia mpya iitwayo LE Audio imekuja kuondoa shida hii, lakini lazima laptopu, Windows na hedifoni zote ziwe nayo. Mashine nyingi tulizonazo mikononi hazina.

Jambo la pili kuhusu sauti ni kuchelewa. Sauti ya Bluetooth hufika ikiwa imechelewa kidogo, mara nyingi sehemu moja hadi tatu za kumi za sekunde. Kwa muziki hutagundua. Kwenye filamu, programu nyingi za kuchezea video hurekebisha zenyewe, na mdomo na maneno visipokwenda pamoja tumia ile ya VLC: kila ukibonyeza J sauti husogezwa mbele milisekunde 50, na K huirudisha nyuma. Ila kwa mtu anayetengeneza biti, au anayepiga kinanda kilichounganishwa na laptopu, hakuna cha kurekebisha. Kidole kitakuwa kimeshaondoka ndipo noti isikike. Tumia hedifoni za waya.

Kibodi na kipanya

Tofautisha kipanya cha Bluetooth na kile kinachokuja na kipande chake cha kuchomeka kwenye USB. Vyote havina waya, vyote hutumia masafa ya gigahezi 2.4, lakini cha pili si Bluetooth, na kipande kile kikipotea kipanya chako huenda kikabaki pambo. Cha Bluetooth hukuachia tundu la USB, jambo la maana kwenye laptopu nyembamba zenye matundu mawili tu. Upungufu wake ni kwamba laptopu ikitoka usingizini unaweza kusubiri sekunde chache kabla mshale haujasogea.

Kwa anayeandika kwa saa nyingi, mpangilio ninaoupendekeza ni huu: inua laptopu juu ya vitabu mpaka skrini ifikie usawa wa macho, kisha weka kibodi na kipanya cha Bluetooth chini, usawa wa viwiko. Shingo itapumua. Ni matumizi ambayo watu huyadharau kwa sababu hayaonyeshi jambo lolote jipya kwenye skrini.

Tahadhari moja kwa wanaonunua kibodi ya nje kwa sababu laptopu ilimwagikiwa chai. Kwenye laptopu nyingi kibodi ya Bluetooth haifanyi kazi mpaka Windows iwe imeshawaka. Kuingia BIOS, au kuandika neno la kufungulia diski iliyofungwa kwa usimbaji, kunahitaji kibodi ya USB. Kwa mashine ya namna hiyo chukua ya waya.

Intaneti kwa njia ya taratibu

Bluetooth ilianza kushughulikiwa na wahandisi wa Ericsson mjini Lund, Uswidi, mwaka 1994. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba wakaunda umoja wa kuisimamia. Tazama orodha hiyo: wawili wa simu, watatu wa kompyuta. Moja ya ndoto za mwanzo ilikuwa laptopu ipate mtandao kupitia simu iliyo mfukoni. Ndoto hiyo ilitimia, ikasahaulika baada ya simu kuanza kugawa Wi-Fi.

Naona inafaa kukumbukwa. Mtandaopepe wa Wi-Fi huitafuna betri ya simu na kuipasha moto. Siku ya mgao wa umeme, simu ikiwa na asilimia 30 na wewe una ripoti ya kutuma jioni, Bluetooth itakubeba muda mrefu zaidi. Kasi yake ni ndogo, ikijitahidi sana hufika megabiti 2 kwa sekunde. Barua pepe, WhatsApp ya kwenye kompyuta, kuandika kwenye hati ya mtandaoni, kutafuta jambo: vyote vinakwenda. Video sahau.

Na udogo huo wa kasi una faida yake kwa mtu wa bando. Laptopu ikiunganishwa na Wi-Fi ya simu hudhani imepata mtandao wa ofisini, ikaanza kupakua masasisho kimyakimya, na gigabaiti mbili zinaweza kuyeyuka kabla chai haijapoa. Kwa megabiti 2 kwa sekunde, hata laptopu ikikazana bila kupumzika, kwa saa nzima haiwezi kupitisha zaidi ya MB 900 hivi. Utakuwa umeshagundua.

Kwenye simu ya Android, fungua Mipangilio, sehemu ya mtandaopepe, na uwashe kusambaza mtandao kwa Bluetooth. Kwenye Windows 11, nenda kwenye orodha ya vifaa vya Bluetooth, bofya vidoti vitatu kando ya jina la simu, na uchague kujiunga na mtandao binafsi, ule wenye herufi PAN. Kwenye Windows 10, bonyeza Windows na R, andika control printers, bofya kulia kwenye picha ya simu yako, na uunganishe ukiitumia kama kituo cha mtandao. iPhone pia huweza, mtandaopepe wake ukiwashwa na simu ikiwa imeoanishwa. Kwa njia hii ya Bluetooth, asiyeoanishwa hawezi kujiunga, hata kama amekaa kiti cha pili.

Dukani

Printa ndogo ya risiti ya karatasi ya milimita 58, ile inayoshikika kwa mkono mmoja, wengi huitumia na simu. Laptopu nayo inaiweza, ila haiitambui kama printa ya kawaida. Baada ya kuoanisha (namba ya siri huwa 0000 au 1234), Windows huifungulia mlango wa aina ya COM: COM4, COM5, au namba nyingine. Nenda kwenye chaguo za ziada za Bluetooth, ukurasa wa milango ya COM, utafute ule unaotoka kwenda kwenye printa. Mara nyingine itaonekana milango miwili, wa kutoka na wa kuingia. Unaoutaka ni wa kutoka. Kisha ingia kwenye programu yako ya mauzo au kwenye draiva ya printa, uiambie itumie mlango huo. Hatua hii ndiyo inayowarudisha watu dukani kudai wameuziwa printa mbovu.

Printa hizi kwa kawaida husikiliza kifaa kimoja kwa wakati. Kama kijana wa dukani ameiunganisha na simu yake, laptopu haitachapa mpaka simu iachie. Na jambo la kisheria: risiti haiwi ya kodi kwa sababu tu imetoka kwenye karatasi ya aina ile. Mashine ya EFD nchini Tanzania na eTIMS nchini Kenya ni mifumo inayojitegemea, na printa ya Bluetooth ni mkono wa kuchapia tu.

Kisoma msimbopau ndicho kifaa cha Bluetooth ninachokipenda kuliko vyote, kwa jinsi kisivyo na madoido. Laptopu hukiona kama kibodi. Fungua Excel, weka mshale kwenye kisanduku, elekeza kisoma kwenye pakiti ya sukari, na namba huandikwa na mshale hushuka mstari wa pili. Hakihitaji programu maalumu. Duka dogo linaweza kuhesabu bidhaa zake zote kwa jioni moja, mtu mmoja akizunguka kwenye rafu na laptopu ikibaki kaunta, ilimradi umbali usizidi mita kumi hivi na pasiwe na ukuta wa zege katikati.

Mafaili, kwa kifupi

Picha ya MB 4 kutoka simu hadi laptopu huchukua sekunde 15 hadi 30. Filamu ya MB 700 itachukua karibu saa nzima. Hesabu hiyo yenyewe inakuamulia. Kwa picha mbili au hati moja, bonyeza Windows na R, andika fsquirt, na dirisha la kutuma na kupokea litafunguka. Kwa kupokea, chagua kupokea kwanza kwenye laptopu, ndipo utume kutoka kwenye simu. Ukianza na simu, laptopu itakataa. iPhone haipokei wala haitumi faili kwa Bluetooth na laptopu ya Windows, kwa hiyo usipoteze muda.

Kwa mizigo mikubwa kuna Quick Share ya Google, unayoweza kuiweka kwenye Windows, na AirDrop kati ya vifaa vya Apple. Ndani yake Bluetooth hufanya kazi yake halisi: hutafuta kifaa kilicho karibu na kuvitambulisha vifaa hivyo viwili, kisha hukaa pembeni, na mzigo wenyewe hubebwa na Wi-Fi.

Sauti inapokatika

Bluetooth hurukaruka kati ya masafa kadhaa mara 1,600 kwa sekunde ili kukwepa kelele, lakini uwanja wenyewe, gigahezi 2.4, umejaa. Wi-Fi ya zamani iko humo, maikrowevu pia. Rauta yako ikiwa na masafa ya gigahezi 5, hamishia laptopu huko. Mara nyingi hiyo peke yake humaliza kukatika kwa muziki.

Kuna adui ambaye wengi hawamshuku: diski ya nje ya USB 3. Kebo na tundu lake hutoa kelele ya redio karibu kabisa na masafa hayo. Kama kipanya huanza kurukaruka kila unapochomeka diski, hamisha diski upande wa pili wa laptopu. Na kama unatumia adapta ya Bluetooth, iweke kwenye waya mfupi wa kuongezea ili ikae mbali. Mwili wa binadamu nao huzuia mawimbi haya, kwa kuwa umejaa maji. Laptopu ikiwa mgongoni kwenye begi na wewe una hedifoni za bei nafuu, kukatikakatika usikushangaze.

Usalama

Windows huonekana kwa wageni pale tu unapokuwa umefungua ukurasa wa Bluetooth. Ukiufunga, vifaa vipya haviioni kirahisi. Kwa hiyo usiuache wazi kwenye mgahawa, na usikubali ombi la kuoanisha ambalo hukulianzisha. Badilisha pia jina la laptopu kama lina majina yako mawili, maana abiria mwenzako kwenye basi la mkoani hana haja ya kuyajua.

Mashimo halisi yamewahi kupatikana. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kundi la udhaifu lililoitwa BlueBorne, lililogusa Windows, Android na Linux. Desemba 2023 ukatangazwa mwingine uliomwezesha mtu wa karibu kujifanya kibodi na kuandika kwenye kifaa chako bila ruhusa. Yote yalizibwa kwa masasisho, na asiyesasisha mashine bado anayo. Hii ni hoja nzito kuliko ile ya kuzima Bluetooth kila saa, ingawa kuizima usipoitumia hakuna ubaya.

Bluetooth yenyewe inaweza kukulinda kidogo. Kwenye Mipangilio, sehemu ya akaunti, katika chaguo za kuingia, kuna kufuli inayofuata simu yako: ukishaoanisha simu na kuiwasha huduma hiyo, laptopu hujifunga yenyewe muda mfupi baada ya wewe kwenda mbali na simu mfukoni. Haifunguki yenyewe ukirudi, na ukienda meza ya jirani tu haitajua umeondoka. Kuifunga mwenyewe kwa kubonyeza Windows na L kubaki kuwa desturi, na kufuli hii iwe ya siku unapoitwa ghafla ukasahau.

Siku ya kuuza laptopu, futa vifaa vyote vilivyoorodheshwa kwenye ukurasa wa Bluetooth, ufute na jina la laptopu kwenye simu yako. Hedifoni na sabufa nazo zirudishe katika hali ya kiwandani kwa kukandamiza kitufe kama mwongozo wake unavyoeleza. Ukipuuza, na mnunuzi akiwa jirani, sabufa yako ikiwashwa inaweza kuitambua laptopu kabla haijaitambua simu yako, na utajua ni taarabu ipi anaipenda.